Mayai na Mboga Asubuhi: Yanapotoa Maji, Kushika au Kuungua

Kimanda cha mboga kikiharibika, wa kwanza kulaumiwa ni yai. Mwenye duka kauza mayai ya zamani, mayai ya kisasa hayana nguvu, kiini ni cheupe mno. Kwa kweli yai huwa na hatia mara chache sana. Malalamiko mengi ya wapishi wa nyumbani, kuanzia vyumba vya kupanga vya Kampala hadi Busia na Arua, yanarudi kwenye mambo mawili: maji yaliyomo ndani ya mboga, na moto wa sigiri, yaani jiko la makaa. Ukiyatawala hayo mawili, mayai mawili, nyanya, kitunguu na konzi ya dodo (mchicha) vinakuwa kifungua kinywa kamili ndani ya muda wa maji ya chai kuchemka.

Kipimo ninachokitumia humu ni cha mtu mmoja: mayai 2, mboga zilizokatwa kikombe kimoja cha chai, mafuta kijiko kimoja cha chakula, na chumvi ya kubana kwa vidole. Tafuta dalili inayokusumbua, anza na kipimo chepesi, na usikimbilie kununua kikaango kipya kabla hujamaliza yale yasiyogharimu kitu.

Kimanda kinaachia maji kwenye sahani

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na jibu lake liko kwenye sahani yenyewe. Inamisha sahani uone maji yana rangi gani.

Yakiwa na wekundu, ni nyanya. Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji, na wengi huikata mbichi moja kwa moja ndani ya bakuli la mayai kwa sababu ndivyo wanavyomwona muuza rolex, ile chapati inayokunjwa na kimanda ndani, akifanya barabarani. Lakini muuza rolex ana tawa pana, moto mkali na mafuta ya kutosha, tena anayatandaza mayai yakawa membamba, kwa hiyo maji mengi yanakuwa yamekwisha kuruka kabla mayai hayajaiva. Kikaango kidogo cha nyumbani hakina nafasi hiyo. Kata nyanya, toa mbegu na uteute wake uzitumie kwenye mchuzi wa mchana, kisha ikaange pamoja na kitunguu, kabichi na karoti kabla ya mayai. Sikiliza sauti: mwanzoni mboga hutoa mlio mzito wa maji yanayochemka, halafu mlio unakuwa mwepesi na mkavu, wa mafuta. Ukisikia mlio mkavu, mimina mayai.

Yakiwa ya kijani, ni majani. Dodo, nakati (majani ya jamii ya bilinganya), sukuma wiki, yote huoshwa asubuhi kwa haraka na kuingia kikaangoni yakiwa bado yanadondoka. Yaoshe usiku uyatandaze kwenye ungo au kitambaa safi, asubuhi yatakuwa makavu. Nakati ina ugumu na uchungu wake kidogo, ipe dakika mbili au tatu zaidi kuliko dodo. Kama majani yakishanyauka bado yanatoa maji, yabane kando ya kikaango kwa mwiko na uyamwage hayo maji.

Yakiwa maangavu au ya manjano hafifu, mboga hazina kosa. Yai limepikwa kupita kiasi: protini zake zimejikaza kwa moto na kuyasukuma nje maji ziliyokuwa zimeyashika. Soma sehemu ya mayai magumu hapo chini.

Sababu zinazobaki ni ndogo lakini zipo. Chumvi ikinyunyizwa kwenye mboga mbichi inazivuta maji, na vile viungo vya pakiti vya kuongeza ladha ya mchuzi vina chumvi nyingi, kwa hiyo vinafanya kazi ileile. Weka chumvi kwenye mayai unapoyapiga. Maziwa nayo: siyaoni na kazi yoyote katika kimanda chenye mboga. Unaongeza maji kwenye kitu ambacho tayari tatizo lake ni maji.

Na kama umerekebisha yote hayo bado hali ni ileile, pima uwiano. Mboga vikombe viwili kwa mayai mawili haziwezi kushikana. Huo si upishi mbaya, ila ni chakula kingine. Kivuruge badala ya kukigeuza, utaokoa asubuhi.

Kimanda kinashika chini

Kipimo cha kwanza: dondoshea tone la maji kwenye kikaango kikavu kabla ya kutia mafuta. Tone likitulia na kuchemka polepole, kikaango bado baridi. Likikimbiakimbia na kutoweka, kiko tayari. Mayai yakimiminwa kwenye chuma baridi yanapata muda wa kushikana na chuma na kugandia hapo, na hii ndiyo sababu ya kawaida kupita zote. Utaratibu ni kikaango kwanza, kikipata moto ndipo mafuta, mafuta yakitanda ndipo mboga, mwisho mayai.

Sababu ya pili ni mabaki. Kikaango kilichokaangiwa kitunguu kikaacha ukoko wa kahawia kitakamata yai palepale penye ukoko. Kama mboga zimeacha alama, zitoe, pangusa, ongeza tone la mafuta, kisha endelea. Sababu ya tatu ni papara: yai lililoshika dakika ya kwanza mara nyingi hujiachia lenyewe dakika ya pili, pindo zikishakauka. Tikisa kikaango taratibu. Kimanda kisipoteleza, usikichokoe.

Ukiwa na tawa la chuma au kikaango kipya cha chuma kizito, huenda hakijazoeshwa mafuta. Kioshe, kikaushe juu ya moto mpaka unyevu wote uishe, kipake mafuta ya kupikia kwa kitambaa, membamba mno kiasi cha kukaribia kutoonekana, kisha kiache motoni mpaka kitoe moshi. Kipoe, urudie mara kadhaa. Fanya kazi hiyo nje. Sufuria ya alumini nyepesi, zile zinazofuliwa na mafundi, haizoeki vizuri namna hiyo. Nayo inataka mafuta zaidi na moto mdogo.

Vikaango vyenye utando wa kuzuia kushika vina onyo lao. Havikutengenezwa kwa ajili ya sigiri yenye makaa mekundu. Utando huo ukipashwa moto mkali bila chakula ndani huanza kuharibika na kutoa mvuke wenye madhara. Kama utando umeanza kubambuka vipande, kikaango hicho kimemaliza kazi yake. Hakuna ujanja wa kukirudisha.

Nje kimeungua, ndani bado kibichi

Hapa ndipo sigiri inapotawala mpishi badala ya mpishi kuitawala. Makaa hayana kitufe cha kupunguza. Weka kiganja juu ya moto mahali kikaango kitakapokaa, uhesabu. Ukiondoa mkono kabla ya kufika tatu, huo ni moto wa chapati. Mayai yanataka moto unaokuruhusu kufika tano au sita.

Sababu ya kawaida ni makaa kurundikwa katikati. Yatawanye kwa koleo, yafike ukingoni. Kilango cha hewa cha chini kikiwa wazi, kifunge nusu. Bado ni kali? Mwagia makaa jivu lake lenyewe, safu nyembamba, moto utatulia bila kuzimika. Kisha angalia unene wa kimanda. Mayai manne kwenye kikaango cha mayai mawili lazima yaungue chini kabla juu hayajaganda, na hapo dawa ni mfuniko: funika, acha mvuke uivishe upande wa juu kwa dakika moja au mbili. Mwisho angalia vipande vya karoti na kabichi. Vikiwa vinene, yai linalovizunguka linabaki bichi. Vikate vyembamba au vikwangue.

Makaa yakitoa moshi na harufu, hayajashika sawasawa. Subiri yapate utando wa jivu la kijivu. Dakika hizo tumia kukata kitunguu.

Sasa naomba unisikilize vizuri. Asubuhi ya mvua, mtu anayeishi kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, huingiza sigiri ndani na kufunga mlango, watoto wakiwa bado wamelala. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na makaa yanayoelekea kuzimika bado yanaitoa. Moshi ukiisha haina maana hatari imeisha. Pika nje, barazani, au mlangoni penye upepo, na sigiri isirudi ndani kwa ajili ya kupasha chumba joto. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa ghafla, hasa zikiwapata watu zaidi ya mmoja nyumba moja kwa wakati mmoja. Acha chakula, toa kila mtu nje kwenye hewa safi, na upeleke hospitali mara moja aliyezimia, aliyechanganyikiwa au mjamzito, hata kama anasema amepata nafuu.

Kwa wenye jiko la gesi: ukisikia harufu ya gesi, funga vali ya mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usipige kiberiti. Ukihitaji kutafuta mvujo, tumia povu la sabuni, kamwe usitumie moto. Mvujo ukiwa kwenye vali yenyewe, kazi yako imeishia hapo. Mwite aliyekuuzia mtungi. Na mafuta yakishika moto kikaangoni, usimwage maji. Funika kwa mfuniko, zima jiko ikiwa unalifikia salama, uache kikaango palepale mpaka kipoe.

Mayai yamekuwa magumu kama mpira

Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzi joto 62 hivi za Selsiasi, kiini kwenye 65 hadi 70. Yakifika 71 yai liko salama kuliwa. Kutoka hapo kwenda juu hupati usalama zaidi, unapata ugumu. Ndiyo maana ule usemi wa kwamba mayai lazima yakauke kabisa ndipo yawe salama unawaponza watu: moto mdogo kwa muda kidogo zaidi unaivisha yai mpaka ndani na kuliacha laini.

Basi, makosa kwa mpangilio wake: moto mkali, kisha kuacha kimanda kwenye kikaango cha moto baada ya kuepua, kisha kuogopa mafuta. Kikaango kizito huendelea kupika hata kikiwa mezani, kwa hiyo hamishia kwenye sahani mara moja. Kukipasha upya kimanda cha jana kunaleta ugumu uleule.

Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa, yai lisibaki na ute unaotiririka hata kidogo.

Rolex imelowa, au chapati inapasuka ukiikunja

Wandegeya, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere, wanafunzi wamekula rolex miaka mingi, na tangu mwaka 2016 kumekuwa hata na tamasha la rolex hapa Kampala. Ila ya nyumbani huwashinda wengi pale kwenye kukunja.

Chapati ikipasuka, ni baridi au ni ya jana. Ipashe tawani sekunde chache kila upande, ikilainika ndipo uikunje. Ikiendelea kupasuka, unga ulikandwa mkavu au ulinyimwa mafuta, na hilo halitengenezeki asubuhi hiyo. Ikate vipande ule pembeni. Mayai yasiposhikana na chapati, umechelewa kuiweka: ilaze juu ya kimanda kabla uso wake haujakauka, igandamize kidogo, geuza vyote pamoja na uache upande wa mayai uive kabisa.

Kulowa karibu kila mara ni kaveera. Rolex ya moto ikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki inatoa mvuke, mvuke unageuka maji, maji yanarudi kwenye chapati. Zaidi ya hapo, chakula cha moto chenye mafuta hakifai kugusana na mfuko wa plastiki ambao haukutengenezwa kwa ajili hiyo. Iache ipumue dakika mbili, ifunge kwa karatasi safi isiyo na maandishi. Nyanya mbichi zikiwekwa ndani wakati wa kukunja nazo zinalowesha. Ziwe vipande vyembamba, zisizo na mbegu.

Umekula, na saa nne njaa imerudi

Yai moja la ukubwa wa kawaida lina protini gramu 6 hivi. Kimanda cha yai moja lililonyooshwa kwa kabichi nyingi na kukunjwa kwenye chapati kubwa, pamoja na kikombe cha chai yenye sukari vijiko vitatu, kinakuwa chakula cha unga na sukari chenye rangi ya yai. Hesabu mayai kwanza. Kwa mtu mzima anayetembea au kubeba mizigo, mawili ni mwanzo mzuri.

Trei ikiwa inaelekea mwisho, usiongeze kabichi, ongeza protini nyingine. Maharage yaliyobaki ya jana, yakiwa yamehifadhiwa vizuri na kuchemshwa tena, yana gramu 8 au 9 za protini kwa kila gramu 100. Mukene (dagaa) mkavu uliosagwa, kijiko kimoja ndani ya mayai, unaongeza protini na madini ya chokaa kwa gharama ndogo, na ukikaangwa pamoja na kitunguu na pilipili hoho harufu yake haikusumbui. Mimi nauthamini sana, nasikitika ukidharauliwa kuwa chakula cha kuku.

Kuna jambo jingine wachache hulifikiria. Chai na kahawa zinapunguza madini ya chuma ambayo mwili unayachukua kutoka kwenye majani na maharage. Nyanya na pilipili hoho, kwa vitamini C yake, zinafanya kinyume. Kwa msichana au mjamzito mwenye upungufu wa damu, ile chai isogezwe mbele kama saa moja baada ya kula. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa kufuata maelezo ya mtandaoni, haya yangu yakiwemo. Kiasi chake kipangwe na daktari.

Rangi na harufu za kutia shaka

Kiini kikiwa na rangi iliyofifia, kuku amekula chakula kisicho na rangi. Uganda mahindi meupe ndiyo yanayolimwa zaidi, na kiini kinafuata chakula. Kuku anayeparura majani nje hutoa kiini cha manjano iliyokolea. Protini ni ileile.

Ukijani kwenye kimanda au mviringo wa kijani kwenye kiini cha yai la kuchemsha unatokana na salfa ya ute kukutana na madini ya chuma ya kiini, moto ukizidi au mayai yakikaa yakiwa ya moto muda mrefu. Hauna madhara. Doa la damu ni mshipa mdogo uliopasuka wakati yai linatengenezwa. Si ubovu, ila wasiokula damu humwaga yai hilo, na wako sawa.

Ubovu una dalili nyingine: harufu inayokupiga usoni ukipasua tu, ute wenye rangi ya waridi, au weusi ndani. Hilo ni la kutupa, hata motoni lisifike. Pasua kila yai kwenye kikombe peke yake kabla ya kulitia bakuli, usije ukamwaga matano kwa ajili ya moja. Ukitaka kujua umri, litumbukize kwenye maji: likilala ni bichi la juzi, likisimama ni la siku nyingi, likielea liache. Usiyaoshe mayai ya kuhifadhi. Ganda lina utando wa kulinda vinyweleo, na ukiuondoa unawafungulia njia vijidudu. Lenye kinyesi lipanguswe kwa kitambaa kikavu, au lioshwe dakika ileile ya kulipika. Lenye ufa usilinunue.

Ya kuchemsha hayaivi, au ganda linaondoka na nyama yake

Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, punguzo la nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, ni karibu nyuzi 96. Kabale, iliyo juu zaidi milimani, joto hilo ni dogo zaidi. Aliyehamia milimani kutoka Mombasa akitumia dakika zake za pwani atakuta kiini kimelegea. Ongeza dakika moja au mbili, kisha upasue yai moja kuhakikisha.

Ganda kung'ang'ania ni dalili ya yai jipya, si bovu. Likikaa juma moja linamenyeka vizuri. Huna muda huo? Litie kwenye maji yaliyokwisha kuchemka badala ya kulianzisha kwenye maji baridi, na likiiva litumbukize kwenye maji ya baridi kabla ya kumenya.

Tumbo linasokota baada ya kula

Mayai mabichi ndani ndiyo ya kwanza kushukiwa, kisha mikono na kisu vilivyogusa maganda vikarudi kwenye nyanya, kisha chakula kilichopikwa kikaachwa nje zaidi ya saa mbili, kisha mayai yaliyopigwa usiku na kulazwa bila friji ili kuokoa muda. Kabichi, karoti na kitunguu unaweza kuvikata jioni ukavifunika ili uvikaange asubuhi. Nyanya ikatwe asubuhi. Mayai yapigwe dakika ya kupika.

Kuharisha kwa kawaida kunataka maji ya chumvichumvi ya ORS na mapumziko. Nenda kituo cha afya bila kusubiri ikiwa kuna damu kwenye choo, homa kali, kutapika kunakozuia hata maji kukaa, mkojo kupungua, au mgonjwa ni mtoto mchanga, mjamzito au mzee.

Vipele vya kuwasha, midomo au macho kuvimba, au kukohoa muda mfupi baada ya kula yai ni jambo tofauti. Huenda ni mzio, na watoto wadogo ndio hupatwa zaidi. Usimjaribu tena na kipande kidogo kuona kama kweli. Acha mayai mpaka mhudumu wa afya amwone, na akianza kuhema kwa shida, sauti kubadilika au kulegea, chukua boda boda au gari lolote lililo karibu, aende hospitali saa hiyohiyo.